Moshi wa sigara na mng'aro wa kijazio: shajara ya mradi, Tabora

Mvutaji anapozibwa jino la mbele kwa kompositi, dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, kijazio chake huwahi kugeuka rangi kuliko cha asiyevuta. Mkoa wetu ndio wa tumbaku, kuanzia Urambo na Kaliua hadi Sikonge, na wanaorudi kliniki na lalamiko hilo hawakosi: wakulima, madereva wa malori, wazee wanaosokota tumbaku ya nyumbani kwenye karatasi ya gazeti. Mazoea ya wengi wetu ni kuchimbua kijazio chote na kuziba upya. Mazoea hayo yananiuma, kwa sababu buri, kile kichwa cha mashine ya kuchimbia jino, haijui kijazio kinaishia wapi na jino linaanzia wapi. Kila tunaporudia, jino zima nalo linaliwa kidogo na tundu linakua.

Mradi huu unauliza mambo mawili. Kahawia ile inatokana na moshi peke yake, au pia na namna tulivyoumaliza uso wa kijazio siku ya kukiweka? Na kijazio kilichokwisha kugeuka rangi kinaweza kuokolewa kwa kung'arishwa tena bila kuchimbuliwa? Mimi ni tabibu wa kinywa na meno mjini Tabora. Niko na fundi sanifu wa meno na dada wa maabara. Naandika zaidi pale tulipokwama, ili mwenye kliniki ndogo kama yetu arudie kazi hii bila kupoteza vifaa tulivyopoteza sisi.

6 Aprili 2025: Tunaanzia wapi

Kompositi ni plastiki inayogandishwa kwa mwanga, ikiwa imechanganywa na punje ngumu za kioo au silika. Plastiki inayotumika zaidi, Bis-GMA, ilitokana na kazi ya Rafael Bowen, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1962. Bis-GMA ni nzito kama asali iliyoganda, kwa hiyo viwanda huilainisha kwa plastiki nyingine nyepesi iitwayo TEGDMA. Hii ya pili hunywa maji zaidi, na maji yakiingia huingia na rangi.

Tatizo la kung'arisha liko kwenye tofauti ya ugumu. Msasa dhaifu hula plastiki na kuziacha punje zimesimama, au huzing'oa na kuacha vishimo. Ndiyo maana diski nzuri zina oksidi ya alumini: ugumu wake ni 9 kwa kipimo cha Mohs, wakati kwazi, yaani silika ya mawe, ni 7. Hukata plastiki na punje kwa pamoja. Mapitio ya Bollen na wenzake ya mwaka 1997 yaliweka mpaka ambao wataalamu wanautaja hadi leo: wastani wa mparuzo, yaani ukwaruzo wa uso, wa mikromita 0.2. Uso ukiwa na mparuzo zaidi ya hapo, utando wa bakteria huongezeka. Ukishafika chini ya hapo, kulainisha zaidi hakupunguzi tena utando.

Moshi nao si hewa tupu. Ni matone madogo mno ya lami yanayoelea pamoja na gesi. Ncha ya sigara inapovutwa hufika karibu nyuzi 900 za Sentigredi, lakini moshi unaofika mdomoni umeshapoa sana, kwa hiyo kinachotuhusu hapa ni lami kuliko joto. Nikotini yenyewe haina rangi. Huanza kuwa njano na kahawia ikishakaa na oksijeni.

Tumekubaliana jambo moja kabla ya yote: hakuna mtu atakayeombwa avute sigara kwa ajili ya kazi hii. Mashine ndiyo itavuta.

19 Aprili 2025: Vidonge vya kwanza na wosha za chuma

Badala ya meno tunatumia vidonge vya kompositi ya rangi ya A2, moja ya rangi nyepesi kwenye kipimo cha rangi za meno. Tulihitaji kalibu, na duka la vifaa vya ujenzi lilitupa jibu: wosha ya boliti ya M10 ina tundu la milimita 10.5 na unene wa milimita 2. Unaiweka juu ya kioo cha slaidi kilichofunikwa ukanda wa plastiki, unaijaza kompositi, unaweka ukanda na kioo cha pili juu, unabana kwa vidole, unamulika taa ya bluu. Bei ya wosha ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya kuifuata.

Tulipofika kwenye kung'arisha, kazi iliharibika. Tuliviacha vidonge ndani ya wosha ili vishikike vizuri, na diski ya alumini ikawa inagusa kompositi na chuma kwa wakati mmoja. Diski ikabeba unga wa chuma na kuupaka kwenye kidonge. Uso ukawa na kivuli cha kijivu ambacho kuosha hakukukitoa, na kwa mradi unaopima rangi, kidonge cha kijivu ni cha kutupa.

Tumehamia kwenye wosha za plastiki, na kila kidonge sasa kinasukumwa nje ya kalibu kabla ya kung'arishwa. Kukishika tunatumia kipande cha ubao chenye kishimo cha kukitosha.

4 Mei 2025: Mashine ya kuvuta

Kiwango cha kimataifa cha ISO 3308 kinasema sigara ya maabara ivutwe hivi: mililita 35 kwa kila pafu, pafu lichukue sekunde 2, na lirudiwe kila sekunde 60. Hilo lilitufurahisha, kwa sababu halihitaji mashine ya gharama. Bomba la sindano la mililita 60 lina alama zake tayari. Tuliliunganisha na valvu ya njia tatu ya dripu: upande mmoja sigara, upande wa pili boksi la plastiki lenye kifuniko, katikati bomba. Unavuta mpaka alama ya 35 ukihesabu mbili, unageuza valvu, unasukuma moshi kwenye boksi. Saa ya simu inalia kila dakika. Tunafanyia nje, chini ya mwembe, upande ambao upepo unatoka kwetu.

Mwanzoni moshi ulifika boksini ukiwa mwepesi, na vidonge havikubadilika. Lami yote ilikuwa imebaki njiani: mpira wa dripu tuliotumia ulikuwa mrefu, na baada ya pakiti moja ulikuwa umegeuka kahawia kwa ndani kutoka mwanzo hadi mwisho. Matone ya lami hutua kwenye kitu cha kwanza yanachokigusa. Tumeukata mpira ukabaki urefu wa kidole, na kidole hicho kinabadilishwa kila pakiti. Bomba la sindano nalo hukwama likishika lami. Tone la mafuta ya kula kwenye mpira wa ndani linalisaidia kidogo, lakini dawa ya kweli ni kuwa na mabomba ya akiba.

Kitu kingine cha kuangalia ni vitundu vidogo vinavyozunguka kichungi cha sigara. Huingiza hewa na kuupunguza moshi nguvu. Mvutaji huviziba kwa vidole au midomo bila kujua, mashine haivizibi. Kuna utaratibu mkali zaidi wa kimaabara, wenye asili ya Canada, unaoviziba vitundu hivyo na kuvuta mililita 55 kila sekunde 30. Sisi tumebaki na ule mwepesi kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kasi hiyo kwa muda mrefu. Matokeo yetu basi yaelekee upande wa upole.

Vidonge tulivibandika kwenye vijiti kwa gundi kali ya matone. Asubuhi yake vilikuwa na ukungu mweupe, hata vile ambavyo havikupigwa moshi. Gundi ile inapokauka hutoa mvuke unaotua jirani na kuganda mweupe. Sasa tunatumia nta ya nyuki, ambayo Tabora haina shida: bonge dogo nyuma ya kidonge, mbali na uso unaopimwa. Nta huyeyuka juu kidogo ya nyuzi 60, kwa hiyo joto la kazi yetu haliisumbui.

18 Mei 2025: Duara la kahawia

Hii ndiyo siku iliyotufundisha zaidi, na haikuwa kwenye mpango.

Vidonge vyote vilivyopigwa moshi vilitoka na rangi mbili. Katikati palikuwa na kahawia hafifu. Pembezoni palizunguka duara jeusi zaidi, la upana wa karibu milimita moja, lenye mpaka unaoonekana wazi kwa jicho. Ukikwangua kwa ncha ya kifaa, katikati panateleza, pembezoni panachimbika unga.

Kichwa cha taa yetu ya bluu kina upana wa milimita 8. Kidonge kina 10.5. Ukimulika katikati mara moja, ukingo unapata mwanga wa pembeni tu. Kichocheo kilichomo kwenye kompositi nyingi, kamforikwinoni, hufyonza mwanga wa bluu wa karibu nanomita 468. Pasipofika mwanga wa kutosha, plastiki haifungamani vizuri, inabaki laini, na laini hunywa rangi. Moshi ulikuwa umetuchorea ramani ya taa yetu.

Nikawaza meno ya mbele ya wagonjwa wetu, yale yenye vijazio vipana kuliko kichwa cha taa, ambayo wengi tunayamulika mara moja na kuendelea. Ukingo wa kijazio ndio mahali ambapo mgonjwa analalamikia kahawia kwanza. Siwezi kusema kila mstari wa kahawia unatokana na taa, kwa sababu lami hukimbilia pia kwenye mwanya kati ya kijazio na jino. Lakini kuanzia siku hiyo kijazio chochote kipana hapa kinamulikwa mara kadhaa, duara likipandiana na duara.

Tumevitupa vidonge vyote. Wosha mpya ni za plastiki za M8, tundu la milimita 8.4 na unene wa 1.6, na tunamulika katikati kisha tunazungusha ukingoni. Kuna faida tusiyoitarajia: bomba la kompositi la gramu 4 lilikuwa likitoa vidonge 11 hivi, sasa linatoa 20 na zaidi. Aliye na taa ya zamani aanze na jaribio la kukwangua. Gandisha kidonge, kigeuze, kwangua upande wa chini kwa kifaa cha chuma. Pakichimbika, taa au muda wa kumulika havitoshi, na hakuna diski itakayookoa kijazio cha namna hiyo.

2 Juni 2025: Makundi manne

Vidonge vipya viko tayari. Kundi la kwanza limeachwa kama lilivyotoka chini ya ukanda wa plastiki. La pili limemaliziwa kwa buri laini ya almasi tu, kama wengi wanavyofanya foleni ikiwa ndefu. La tatu limepitishwa buri, kisha mpira mmoja wa kung'arishia. La nne limepitishwa buri, kisha diski za alumini nne, kutoka ya kukwaruza hadi laini kabisa.

Kazi yote ya kung'arisha anafanya fundi mmoja, maana mkono mzito na mkono mwepesi hutoa nyuso mbili tofauti. Kati ya diski na diski kidonge kinaoshwa na kufutwa. Punje moja ya diski ya kwanza ikibaki, huchora mstari chini ya diski ya mwisho na kurudisha kazi nyuma.

Nusu ya kila kundi haitapigwa moshi kabisa. Itakaa kwenye maji tu, ili tujue rangi ipi ni ya moshi na ipi ni ya maji. Maji ni yale ya kuongezea betri ya gari, yaliyoondolewa chumvi. Soma lebo vizuri dukani, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo.

Joto la mdomo, nyuzi 37, tumelipata kwa jirani anayefuga kuku. Mashine ya kutotolesha vifaranga huwekwa nyuzi 37.5, na mama mwenye mashine ametupa kona ya trei kwa masharti kwamba tusifungue mlango hovyo. Chupa zetu zinalala pembeni ya mayai. Umeme ukikatika, analinda mayai yake kwa blanketi na vidonge vyetu vinafaidika humo humo.

15 Juni 2025: Kupima bila kipima mparuzo

Kifaa chenye sindano cha kupimia mparuzo hatuna. Tulianza na hadubini ya maabara, na kwenye lenzi kila kidonge kilikuwa mduara mweusi. Hadubini ya kupimia malaria na kohozi hutoa mwanga chini, na kidonge hakipitishi mwanga. Dada wa maabara ndiye aliyepata njia: zima taa ya chini, tumia lenzi ya mara 4 au 10, washa tochi ya simu pembeni, chini kabisa, karibu ilale juu ya meza. Kila mkwaruzo ukatupa kivuli. Kundi la buri likaonekana kama shamba lililolimwa kwa plau, matuta yote upande mmoja. Kundi la diski nne lilikuwa tupu, isipokuwa vijinukta vya hapa na pale.

Kwa mng'aro tunatumia daftari la mistari. Lisimamishe wima nyuma ya kidonge, utazame taswira ya mistari juu ya uso wake. Kwenye ukanda na kwenye diski nne mistari inasomeka imenyooka. Kwenye mpira inaonekana lakini imefifia. Kwenye buri hakuna mistari.

Kwa rangi tunatumia meno ya kulinganishia ya kampuni ya Vita, yale 16. Yapange kwa weupe, usiyapange kwa herufi: yanaanza B1, A1, B2 na kuishia A4, C4. Tunasoma mlangoni, saa nne asubuhi, watu wawili, kila mmoja akiandika peke yake bila kujua kidonge ni cha kundi gani. Picha za simu tulizijaribu kwanza zikatudanganya, kwa kuwa kamera hurekebisha weupe yenyewe na kidonge cha kahawia kikatoka cheupe. Ukilazimika kupiga picha, funga mipangilio ya rangi na weka karatasi nyeupe hiyo hiyo kila mara.

13 Julai 2025: Baada ya moshi

Nusu pakiti kwa siku, vidonge vikioshwa kwa maji jioni na kurudishwa kwenye joto. Vya maji matupu vimebaki A2, au vimesogea kiasi ambacho wasomaji wawili hawakukubaliana. Kwa hiyo tunachokiona kwa wenzao ni moshi.

Buri peke yake ndiyo mbaya kuliko zote: vidonge vyake vimepita C4, hakuna jino la kulinganishia linalovitosha. Chini ya hadubini lami imelala ndani ya matuta, mistari myeusi imefuatana na njia ya buri. Diski nne ziko karibu na A3. Mpira mmoja uko A3.5.

Kilichotushangaza ni kundi la ukanda. Ndilo lililokuwa linang'aa kuliko yote siku ya kwanza, na wanafunzi wengi hufundishwa kwamba hakuna uso laini kuuzidi. Ni kweli ni laini. Lakini moshi umelipeleka A4. Plastiki inapobanwa na ukanda hupanda juu, punje zinabaki chini, na ngozi ile ya juu inakuwa plastiki karibu tupu. Ulaini wake haukuizuia kunywa lami. Hili linapingana na tabia ya kusifu kijazio kilichotoka vizuri chini ya ukanda na kukiacha hivyo hivyo. Ngozi ile iondolewe.

Boksi letu halina mate, halina ulimi, halina chai. Mate huosha, na pia huacha utando wake juu ya jino. Tunachoweza kukisema kwa uhakika ni mpangilio wa makundi. Kijazio kitachukua muda gani kufika A4 mdomoni mwa mtu ni swali ambalo boksi haliwezi kulijibu.

20 Julai 2025: Mswaki, kisha mkaa

Mswaki laini na dawa ya kawaida umeondoa sehemu nzuri ya kahawia kwenye diski nne, kidogo kwenye mpira, na karibu hakuna kwenye buri, kwa sababu nywele za mswaki hazifiki ndani ya mitaro.

Wavutaji wengi hapa husugua meno kwa mkaa uliopondwa, wakitaka kahawia itoke. Tulichukua vidonge vya diski nne vilivyobaki na kuvisugua kwa unga wa mkaa wa jikoni. Kahawia ilitoka kweli, na kwa mara ya kwanza mgonjwa angefurahi. Lakini tochi ya pembeni ilionyesha mikwaruzo inayopishana kila upande, na daftari la mistari halikusomeka tena. Tulipovirudisha kwenye moshi pamoja na wenzao wa mswaki, vya mkaa vilitangulia kuwa vyeusi. Mtu wa mkaa anasugua leo ili kesho asugue zaidi. Hilo ndilo ninalowaambia wagonjwa sasa, nikiwaonyesha vidonge viwili mkononi.

3 Agosti 2025: Kung'arisha tena

Swali kuu la mradi. Vidonge vyote vya moshi vilipitishwa diski upya, tukianza na laini kadiri inavyowezekana.

Diski nne zilirudi A2 kwa diski mbili za mwisho tu. Kundi la ukanda nalo lilirudi A2, na kwa wepesi ambao hatukuutegemea: ngozi ya juu ilipoondoka, chini yake palikuwa safi. Kahawia haikuwa imezama. Mpira ulihitaji diski ya kati. Buri ndiyo iliyotugharimu. Tulianza na diski laini na lami ikasambaa kama rangi ya viatu, uso ukawa wa kahawia unaong'aa. Ikabidi turudi mwanzo, diski ya kukwaruza kwanza, hadi mitaro yenyewe iishe. Ilirudi karibu na A2, lakini vidonge vilipungua unene kiasi cha kuhisika kwa kucha.

Kwa hiyo kung'arisha upya kunafaa, na kuna bei yake. Kila mara kijazio kinapungua. Kilichowekwa kwa uangalifu siku ya kwanza kinapoteza kidogo sana, na kilichoharakishwa kinapoteza kingi.

24 Agosti 2025: Kwenye kiti

Tumeanza kwa wagonjwa waliokubali, baada ya kuwaeleza kwamba kijazio kikionekana kibovu kitabadilishwa siku hiyo hiyo.

Mzee mmoja, dereva mstaafu, alikuja na meno mawili ya mbele ya kahawia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Daktari, unayachimba tena?"

"Hapana mzee, leo nayafuta tu. Nikiona chini pameoza ndiyo nitachimba."

Utaratibu ni huu. Osha kwa brashi, kausha, tazama ukingo wote kwa kioo. Kahawia ya juu juu haina mpaka laini na haishiki kifaa. Mstari uliokaa kwenye mwanya ni jambo jingine, na ukiwa na ulaini au kivuli chini ya enameli, gamba gumu la jino, huo ni uozo na diski haiutibu. Usichome kwa nguvu, ncha kali inaweza kuvunja ukingo uliokuwa mzima. Kisha diski ya kati ikihitajika, laini, laini kabisa. Mkono mwepesi, maji kati ya hatua, na kuinua diski mara kwa mara ili joto lisiyeyushe plastiki ya juu.

Jino moja la mzee lilirudi weupe wake. La pili, baada ya kahawia kuondoka, mstari wa ukingoni ulibaki, na chini yake palikuwa laini. Tulilichimba na kuliziba upya. Nafurahi kwamba tulilichimba moja badala ya mawili.

Kabla mvutaji hajashuka kwenye kiti, inua ulimi wake utazame chini na pembeni, tazama mashavu kwa ndani. Doa jeupe lisilofutika, jekundu, au kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, mpe rufaa siku hiyo. Fizi zake pia zipimwe kwa kifaa, kwa sababu kwa wavutaji huwa hazitoki damu upesi hata zikiwa zinaugua, na mgonjwa hujiona mzima.

Kuhusu muda wa kung'arisha kijazio kipya: kompositi huendelea kukaza kwa karibu siku nzima baada ya taa, kwa hiyo kumrudisha mgonjwa kesho yake ni vizuri akiwa wa mjini. Wa Urambo au Sikonge hawezi kulipa nauli mara mbili. Huyo tunamng'arisha siku ile ile, kwa diski zote nne, badala ya kumwacha na buri kwa ahadi ya kurudi.

14 Septemba 2025: Gharama na kinachoendelea

Kilichokula fedha ni kompositi. Bomba la gramu 4 tulinunua kwa Sh 75,000, na mabomba mawili ya mwanzo yaliishia kwenye wosha za chuma na duara la kahawia. Anayeanza na wosha za plastiki za M8 atahitaji mabomba mawili kwa mradi mzima. Pakiti ya diski ni Sh 60,000, na kwa kliniki si hasara maana zinabaki kwa wagonjwa. Mpira wa kung'arishia Sh 12,000. Mabomba ya sindano, valvu, boksi, nta na maji ya betri kwa pamoja havikufika Sh 30,000. Sigara ziligharimu zaidi ya vyote hivyo vidogo, jambo ambalo nimewahi kumpigia hesabu mgonjwa anayelalamikia bei ya kuziba jino.

Diski hutumika mara moja na kutupwa. Tulijaribu kuziosha na kuzitumia tena kwenye vidonge; alumini ilikuwa imeshapukutika, zikawa zinasugua kwa karatasi na kuacha uso uliofifia.

Vidonge vilivyong'arishwa upya vimerudi kwenye mashine ya vifaranga. Duru hii ya moshi ni ya kuona kama kijazio kilichofutwa kinashika lami haraka kuliko kilivyoshika mara ya kwanza, au sawa. Pembeni yao tumeongeza chupa moja yenye ugoro uliolowekwa, kwa ajili ya wale wanaouweka chini ya mdomo, ambao vijazio vyao hugeuka rangi chini, kwenye fizi, upande ambao diski haifiki kwa urahisi.